Kiti Kilichopinduliwa Saa Sita: Kumuaga Bi. Scovia Abbo

Bi. Scovia Abbo, Karani wa Muungano wa Wachuuzi wa Mpakani, anastaafu leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi mitano ya utumishi. Leo pia anatimiza miaka sitini. Kanuni zetu za ajira zinasema mtumishi ataondoka siku anapofikisha umri huo, ofisi ikifungwa saa kumi na moja jioni. Siku kumi zilizopita kamati nzima ya Muungano, wajumbe wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, wa Malaba na wa Tororo, ilinyoosha mikono ili aongezewe miaka miwili. Amekataa. Wasifu huu unajaribu kueleza kwa nini mtu anayetakiwa namna hiyo anakataa kubaki, na kwa nini sisi tuliomwomba abaki tunasimama upande wake leo, hata wale miongoni mwetu ambao bado tunadhani huenda amekosea.

Madam, kama sote tunavyomwita, alizaliwa Mulanda, kwa wakulima wa mtama na karanga. Alisoma huko huko, kisha akaenda Tororo mjini kujifunza kupiga chapa na kutunza kumbukumbu za ofisi. Tulimwajiri tarehe 1 Februari 1992. Muungano wakati huo ulikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, mashine moja ya chapa, na benchi ambalo wanachama walilalia wakisubiri barua zao. Mwaka 1998 akawa Karani. Nyumbani huzungumza Kidhopadhola, sokoni Kisamia, langoni Kiteso na mlinzi wetu Bw. Edeku, na kwa kila anayevuka kutoka ng'ambo, Kiswahili cha huku kwetu, kile ambacho wenzetu wa upande wa Kenya hukicheka na kukielewa chote.

Kazi ya Karani katika Muungano wetu inaonekana ndogo ikiandikwa. Huitisha mikutano, huandika kumbukumbu, hutunza mhuri na rejista ya wanachama, na kila baada ya miaka mitano huwaapisha viongozi waliochaguliwa. Hana kura. Haruhusiwi kusema mkutanoni mpaka aulizwe. Watu waliopita kwenye kiti cha mwenyekiti wote walianza kwa kumwona kama sehemu ya samani, na wote, bila kumbagua hata mmoja, waliishia kumwuliza saa.

Maana Bi. Abbo ni mtu wa saa. Saa yake ya mkononi huirekebisha kila asubuhi kwa taarifa ya habari ya redio, na Bw. Edeku huirekebisha ya langoni kwa ile ya Bi. Abbo. Wapo watakaokumbuka mwaka 2010, Bw. Oluka alipochaguliwa mweka hazina akafika kuapa akiwa amechelewa dakika arobaini kwa sababu alikuwa amepitia kwa fundi kuchukua suti mpya. Aliapishwa akiwa na pini bado zimechomekwa kwenye mkono wa koti. Bi. Abbo aliandika muda wa kiapo kama ulivyokuwa. Miaka mitano baadaye, saa sita kamili, muhula wa Bw. Oluka ulikwisha pamoja na wa wenzake, na hadi leo yeye mwenyewe hujitambulisha kwenye harusi kuwa kiongozi pekee wa mpakani aliyetumikia miaka mitano kasoro dakika arobaini.

Mzaha huo una chanzo kisicho cha mzaha, na wanachama wapya wanastahili kukijua.

Katiba ya kwanza ya Muungano ilisema viongozi watachaguliwa kila baada ya miaka mitano. Ilinyamaza hapo. Haikusema muhula unaanza lini wala unakoma lini, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona pengo hilo, kwa kuwa kila mwanachama alilijaza kichwani mwake kwa mazoea ya nchi yake. Wenzetu wa upande wa Kenya walikuwa wamezoea kwamba siku ya kupiga kura mbunge wa zamani si mbunge tena. Sisi wa upande wa Uganda tulikuwa tumezoea kwamba aliyeshindwa huendelea na kazi hadi mwenzake aape, na kati ya kura na kiapo hupita miezi. Kila upande uliamini kuwa jambo hili liko wazi kiasi cha kutohitaji kuandikwa.

Mwezi Mei mwaka 2000 tulipiga kura, mwenyekiti wa zamani akashindwa, na kiapo kikapangwa kufanyika tarehe 20 Juni. Kwa wiki sita Muungano ukawa na wenyeviti wawili, kila mmoja akiwa na watu wake, na wote wawili wakiwa waaminifu. Hilo la mwisho ndilo ambalo vijana wetu hawaamini. Hakuna aliyekuwa akiiba kitu. Mwenyekiti wa zamani alitoa barua za meza za soko kwa sababu alijua muda wake haujaisha, na mpya alitoa barua za meza kwa sababu alijua wake umeanza.

Meza moja karibu na lango la soko ikapewa watu wawili. Mmoja alikuwa muuza nyanya kutoka Kisoko, mwenye barua ya mwenyekiti wa zamani. Wa pili alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwenye barua ya mwenyekiti mpya. Msichana huyo aliitwa Babra Ajambo. Kwa siku mbili wanawake hao waliketi kwenye meza moja, wamepeana migongo, kila mmoja amegeukia wateja wake, na muuza nyanya akilalamika kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lango la forodha kwamba nyanya zake sasa zinanuka samaki na hakuna mtu atakayezitia kwenye mchuzi.

Siku ya tatu Bi. Abbo alitoka ofisini, akaenda sokoni, akaomba vigoda vyao vyote viwili, akavipindua juu ya meza, miguu juu. Soko letu lina desturi ambayo haijawahi kuandikwa popote: kigoda kikipinduliwa juu ya meza, meza hiyo imefungwa, na hakuna anayeuza wala kununua hapo hadi mwenye haki akishushe. Bi. Ajambo, aliyetusimulia haya mwenyewe, alimfuata Karani hadi mlangoni mwa ofisi akimtukana kwa Kisamia, na baadaye, ili wa pande zote waelewe, kwa Kiswahili: "Karani gani huyu anafunga meza ya watu kama ni ya babake?"

Meza ilikaa imefungwa siku tisa. Katika siku hizo tisa Bi. Abbo aliandika kile ambacho leo tunakiita Kifungu cha Kumi na Nne. Muhula wa viongozi wote unaanza kwa kiapo, saa sita mchana ya tarehe 20 Juni, na unakoma saa sita mchana ya tarehe 20 Juni ya mwaka wa tano. Kabla ya saa hiyo, aliyeshindwa bado ni kiongozi. Baada ya saa hiyo, si kiongozi, awe amepatikana wa kumrithi au hajapatikana. Atakayechaguliwa katikati atamalizia muda uliobaki. Mkutano mkuu pekee, wa pande zote mbili za mpaka ukikaa pamoja, ndio unaoweza kubadili hata neno moja.

Wanachama waliokuwepo wanasema kifungu hicho kilipita bila ubishi mwingi, kwa sababu watu walikuwa wamechoshwa na habari ya nyanya na omena. Kwa kifungu hicho barua ya mwenyekiti wa zamani ikawa halali, na Babra Ajambo akapoteza meza. Alipata nyingine baada ya miezi minne, mbali na lango. Kuanzia hapo, kila tarehe 20 Juni ya mwaka wa tano, Bi. Abbo amekuwa akikipindua kiti cha mwenyekiti juu ya meza ya mkutano saa sita kamili, na kiongozi mpya hukishusha mwenyewe baada ya kuapa. Wageni hucheka wakiona. Wenyeji hawacheki sana.

Sasa tufike mwaka 2020. Baadhi ya wanakamati wa sherehe hii waliomba sehemu hii isiwepo, kwa hoja kwamba siku ya kuaga si siku ya kufukua. Tumewasikiliza kwa heshima, na sehemu hii ipo. Ipo pia kwa sababu mtu aliyekuwa na haki kubwa kuliko wote ya kuikataa, Bw. Vincent Odwori, aliulizwa akajibu kwamba tukiiacha tutakuwa tumemuaga mtu mwingine.

Bw. Odwori alikuwa mwenyekiti wetu tangu 2015, na lazima isemwe kwamba alikuwa mwenyekiti mzuri. Paa la soko ni kazi yake. Choo cha wanawake kilichojengwa baada ya miaka ishirini ya maombi ni kazi yake. Mwezi Machi mwaka 2020 janga la maradhi lilipokuja, mpaka ukafungwa kwa watu. Malori yalipita, wachuuzi hawakupita. Uchaguzi wetu wa Mei haukuweza kufanyika kwa kuwa nusu ya wapiga kura walikuwa ng'ambo ya mstari wasioruhusiwa kuuvuka. Kamati ilijadiliana kwa simu ikaamua kwamba mwenyekiti aendelee hadi mpaka utakapofunguliwa. Zaidi ya wanachama mia tatu waliunga mkono. Uamuzi ulikuwa wa busara, na wengi wetu ofisini tulifarijika.

Bi. Abbo aliandika barua ya ukurasa mmoja. Alisema kifungu kinaweza kubadilishwa na mkutano mkuu tu, mkutano mkuu hauwezi kukaa, na kwa hiyo hakuna mtu yeyote duniani mwenye uwezo wa kuongeza siku moja. Alimalizia kwa kusema kwamba anasikitika. Hakuna aliyemjibu.

Wilaya za mpakani hazikuwa na usafiri wa abiria siku hizo. Jumamosi tarehe 20 Juni Bi. Abbo aliondoka Mulanda asubuhi na mapema kwa baiskeli ya mumewe, akiwa amebakiza siku kumi kutimiza miaka hamsini na mitano, barakoa mfukoni, na aliingia ofisini Busia saa tano na nusu, sketi imejaa vumbi jekundu. Bw. Odwori alikuwa kitini akifanya kazi. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili Bi. Abbo alimwambia: "Mwenyekiti, kama kuna barua ya kusaini, saini sasa." Bw. Odwori alicheka, akasaini mbili, akampa.

Redio ya Bw. Edeku ilipotangaza saa sita, Bi. Abbo alimwambia: "Bwana Odwori, naomba kiti."

Bw. Odwori hakuinuka. Bi. Abbo hakuketi. Bw. Edeku, aliyeshuhudia yote kutoka mlangoni, anasema shida yake kubwa ilikuwa hakujua ampigie nani saluti, basi akaamua kutopiga saluti kabisa, jambo lililomuuma kwa kuwa alikuwa amevipiga viatu rangi. Dakika zilipita, kisha saa. Bw. Odwori aliongea peke yake kwa muda, kwanza kwa upole. Alisema maisha ya watu ni makubwa kuliko karatasi. Alisema kama angekuwa anataka ukubwa angeutafuta mahali penye ukubwa. Mwisho akasema yale yaliyokuwa moyoni mwa karibu kila mmoja wetu: "Madam, watu wanalala njaa huko nje, na wewe unahesabu saa."

Bi. Abbo alimjibu akiwa amesimama palepale: "Saa hiyo si yangu, Odwori. Ni ya hao hao watu. Mimi nachunga tu. Leo nakupa wewe kwa sababu wewe ni mzuri. Kesho akija mbaya, namnyima na nini?"

Yalipita kama masaa mawili. Kisha simu ya Bw. Odwori ikalia. Alikuwa mwanachama wa ng'ambo akimtafuta mwenyekiti. Bw. Odwori alipokea, akaanza kusema, "Mwenyekiti anao—" na hapo macho yake yakakutana na ya Karani. "Odwori hapa," akasema. "Ongea tu." Alipomaliza simu aliinuka, akakibeba mwenyewe kile kiti cha mvule chenye mikono miwili, kizito kama mbuzi, akakipindua juu ya meza. Bi. Abbo aliandika katika kumbukumbu kwamba muhula ulikoma saa sita kamili. Kuhusu masaa mawili yaliyofuata hakuandika chochote, na alipoulizwa baadaye alisema wakati huo hapakuwa na mkutano, palikuwa na watu wawili wakipumzika.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kupiga makofi. Haki inataka tuendelee.

Kiti kilikaa juu ya meza miezi mitano. Mwezi Julai vyama vingine viliruhusiwa kuwa na sehemu ya kukabidhiana bidhaa kwenye mstari, wachuuzi wa huku wakiweka mizigo chini na wa huko wakiichukua. Waliosimamia utaratibu huo walitaka sahihi ya mwenyekiti. Hatukuwa naye. Bi. Abbo alipeleka maombi kwa sahihi ya Karani mara nne, yakarudishwa mara nne. Alishauriwa asaini kama kaimu mwenyekiti, mara hii moja tu, hakuna atakayeuliza. Hakusaini. Nyanya za wanachama wetu wa Merikit zilioza mashambani kwao. Bi. Babra Ajambo alitupa magunia ya omena yaliyoota ukungu. Sokoni watu walisema Muungano hauna kichwa, una shingo tu, na shingo yenyewe ni Madam. Wengine hawakumsalimu kwa muda mrefu. Alipita katikati yao kila siku ya soko, akiwataja kwa majina, akijibiwa au asijibiwe.

Mwandishi wa maneno haya alifundishwa chuoni kwamba mwenye madaraka akizidisha siku moja, ya pili huja kwa urahisi zaidi, na kwamba hakuna katiba inayovunjwa na watu wabaya kabla ya kulegezwa na watu wazuri. Naamini hivyo. Lakini mafunzo hayo hayakuwa na harufu ya omena iliyoharibika, na sijawahi kumpa mama yeyote wa soko jibu lililomtosha, wala mimi mwenyewe. Inawezekana Bw. Odwori angeondoka kwa heshima siku mpaka ulipofunguliwa. Nikimtazama alivyo leo, nadhani angeondoka. Hatutajua kamwe, na huko kutojua ndiyo gharama aliyotutwika Madam akiwa na akili zake timamu.

Yeye mwenyewe hakuikwepa. Mkutano mkuu wa kwanza ulipowezekana, ni Bi. Abbo aliyeleta marekebisho: kiti kikiwa kitupu, makamu na mweka hazina waliomaliza muda, kwa pamoja, wanaweza kupokea na kusaini maombi ya dharura ya wanachama, na hawawezi kufanya jambo jingine lolote. Alisimama mbele ya watu akasema pengo hilo aliliacha yeye mwaka 2000, na kwamba anawaomba radhi waliopata hasara. Hakuomba radhi kwa kukipindua kiti. Mtu fulani kutoka nyuma alimwuliza kama angefanya tena vilevile. Akajibu kwamba angefanya, ila angekuja na thermosi ya chai.

Mwishoni mwa Novemba 2020 uchaguzi ulifanyika. Bw. Odwori aligombea akashindwa kwa kura chache. Aliyeshinda ni yule msichana wa omena aliyewahi kunyang'anywa meza, Bi. Babra Ajambo, ambaye sasa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili mwenye sauti ya kusimamisha lori.

Waliodhani Karani alimkomoa Bw. Odwori walitulia waone atamtendeaje mwenyekiti mpya. Bi. Ajambo na Bi. Abbo walikuwa wamekuwa marafiki, walizikiana wazazi. Mapema mwaka huu Bi. Ajambo alianza kusema hadharani kwamba aliapa Novemba, kwa hiyo miaka yake mitano itatimia Novemba. Wanachama walimwelewa. Nami, nikiri, nilimwelewa. Wanachama wamekupa miaka mitano, na ugonjwa usiokuhusu umekula sehemu yake; ukidai kilichobaki hutaonekana mlafi. Alimwendea Bi. Abbo ofisini, akaketi mbele yake, akamwuliza: "Madam, miezi yangu mitano iko wapi?"

"Iliisha kabla hujafika," Bi. Abbo akamwambia. "Muhula ni wa kiti, dada yangu. Wewe ulikikuta kikiwa kimetembea."

Bi. Ajambo alitoka bila kuaga. Wiki tatu hawakusemezana, na kwa kuwa watu hao wawili hunywa chai pamoja kila asubuhi, ofisi nzima iliumwa. Kisha Bi. Ajambo akachukua fomu, akafanya kampeni kama kila mtu, na Mei akashinda tena, kwa kura nyingi kuliko mara ya kwanza. Tarehe 20 Juni, saa sita kamili, Karani alikipindua kiti chake ingawa kila aliyekuwepo alijua ni nani atakayekishusha. Kwa muda huo mfupi Bi. Ajambo, akiwa amevaa gauni jipya la gomesi la kijani, alisimama kando ya kiti chake mwenyewe bila cheo chochote, kama mtu aliyekuja kuomba barua. Alianza kucheka, Bi. Abbo naye akacheka, na kiapo kilichelewa dakika mbili. Dakika hizo zimeandikwa.

Hoja ya kwanza ya muhula mpya ilikuwa ile tuliyoanza nayo: Karani aongezewe miaka miwili. Mimi ndiye niliyeiandika rasimu yake, kwa moyo wote, na kwa siri nilidhani ningeijenga vizuri kiasi kwamba asingepata mahali pa kushika. Niliandika kwamba Muungano unamhitaji, kwamba uzoefu wake hauna mbadala, kwamba wanachama wenyewe ndio waliotaka. Usiku wa kuamkia mkutano nilikuwa nimempa aisome, kama ninavyompa kila ninachoandika. Alinirudishia asubuhi. Alikuwa amesahihisha tarehe niliyokosea kwenye aya ya pili na kuhamisha sentensi moja ili hoja ijengeke vizuri zaidi.

Mikono ilipoinuka yote, aliihesabu, akaiandika. Kisha akaomba ruhusa ya kusema juu ya jambo lake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Alisema anashukuru. Alisema kila sababu iliyotajwa katika karatasi ile ni ya kweli, na kwamba kila sababu iliyotajwa na Bw. Odwori mwaka 2020 ilikuwa ya kweli pia. "Huyo mlimtoa na hiyo hiyo saa," alisema. "Sasa mnataka mimi nipite chini ya kamba?" Bw. Odwori, aliyekuwa ameketi safu ya nyuma kama mwanachama wa kawaida, ndiye aliyeanza kupiga makofi, polepole, na alipiga peke yake kwa muda mrefu kabla sisi wengine hatujajiunga.

Bado nadhani angeweza kubaki. Kanuni za ajira si Kifungu cha Kumi na Nne, zinaruhusu mkataba, na mtumishi wa kuajiriwa si kiongozi wa kuchaguliwa. Hoja hizo nilimpa zote, naye alizikubali zote, akaendelea kufunga mafaili yake. Huenda nimekosea mimi. Huenda mtu aliyewaambia wengine "muda wako umekwisha" kwa miaka ishirini na mitano hana namna nyingine ya kuondoka isipokuwa hii, na kila saa ambayo angeizidisha ingekuwa deni kwa kila aliyewahi kuinuka kitini kwa neno lake.

Tunamshukuru kwa rejista isiyopotea ukurasa, kwa kiapo alichokifasiri katika lugha zetu tano ili asipatikane kiongozi wa kudai hakuelewa alichoapa, kwa watumishi aliowafundisha, kwa baiskeli, na kwa ukaidi. Tunamshukuru mumewe, Mzee Okia, kwa subira yake, na tunamwarifu rasmi kwamba kuanzia jioni hii ratiba ya nyumba yake haitakuwa tena mikononi mwake.

Leo saa kumi na moja jioni kiti cha Karani kitapinduliwa juu ya meza yake. Wapo walionong'ona kwamba tukifiche. Hatutakificha, na hatutamsaidia kukiinua, kwa kuwa ametuonya. Kesho asubuhi mtu atakishusha akiwa na barua ya uteuzi mkononi, na barua ikichelewa, mtu huyo, ambaye ni mimi, atafanya kazi akiwa amesimama.

Nenda vizuri, Madam. Maisha yako mapya na yawe mema, marefu, yenye chai isiyoharakishwa na saa ya mtu yeyote. Na yaanze dakika ile ile utakapotuachia kiti, ili kati ya utumishi wako na pumziko lako pasipite hata nukta moja ya kiti kitupu.

Lillian Aanyu
Karani Msaidizi, kwa niaba ya watumishi wa Muungano